Kura zilezile, siku ileile, viti tofauti

Chukua matokeo ya wabunge ya 2015, ule mwaka wa Magufuli na Lowassa, uyaangalie taratibu. Chadema walipata karibu asilimia 32 ya kura zote za ubunge nchi nzima, wakaondoka na majimbo 34. CUF walipata kama asilimia 9, yaani robo ya kura za Chadema na chenji kidogo, wakaondoka na majimbo 32. CCM wakapata asilimia 55 ya kura na majimbo 188 kati ya 256 yaliyopiga kura siku ile, manake kuna machache yaliahirishwa, na hiyo 188 ni kama asilimia 73 ya majimbo. Hapo hatujagusa habari ya wizi, hatujagusa mabegi ya kura wala mawakala waliofukuzwa vituoni, hizo ni namba za tume ya uchaguzi yenyewe, na hata ukiamua kuziamini zote bila kubisha bado kuna swali limebaki, imekuwaje chama chenye kura karibu mara nne ya mwenzake kimemzidi majimbo mawili tu?

Sasa angalia upande wa pili. Kura hizohizo, siku hiyohiyo, wapiga kura walewale, zilitumika pia kugawa viti maalum vya wanawake bungeni. Mgao wa kwanza ulikuwa viti 110: CCM 64, Chadema 36, CUF 10. Piga hesabu utaona vimekaa vizuri kabisa na kura, Chadema wana mara tatu na nusu ya CUF kama ilivyokuwa kwenye kura. Kwa hiyo uchaguzi mmoja, fomula mbili, na majibu mawili ambayo hayafanani hata kidogo.

Mi naona hii ndo mada ambayo hatuijadili kabisa. Vijiweni kuanzia Manzese mpaka Mbagala ukitaja uchaguzi watu wanaenda moja kwa moja kwenye tume, polisi, wakurugenzi wa halmashauri, karatasi feki. Na wana haki. Ila hata ukileta malaika kutoka mbinguni wahesabu kura bila kuiba hata moja, bado kuna hatua inafuata, kura inageukaje kuwa kiti, na hiyo hatua ina uwezo wa kumpa mtu Bunge au kumnyima bila jinai yoyote kufanyika.

Majimboni tunatumia mfumo wa anayeongoza anachukua. Mwenye kura nyingi kuliko wenzake kapita, hata kama ana asilimia 35 na waliomkataa ni 65. Ni kama ligi yetu tu, Simba akishinda moja bila anachukua pointi 3, Yanga akimfunga mtu sita bila anachukua pointi 3 hizohizo, magoli ya ziada hayamuongezei pointi. Kwa hiyo chama kinachoshinda majimbo mengi kwa tofauti ndogo kinanufaika, na chama kinachokuja wa pili kila mahali kwa kura za kutosha kinaweza kurudi nyumbani mikono mitupu. Chadema 2015 ndo walikuwa hao wa pili kila mahali. Wana kura Singida, wana kura Tabora, wana kura Morogoro, ila kwenye majimbo mengi ya huko wa kwanza alikuwa mwingine, na kura za wa pili kwenye hesabu ya jimbo hazina thamani yoyote.

CUF wao ilikuwa kinyume chake. Kura zao zilikuwa zimebanana sehemu moja, Pemba na Unguja, halafu pwani ya kusini na vipande vichache vya Tanga na hapa Dar. Na tuseme ukweli, sehemu ya ile asilimia 9 inatokana na makubaliano ya Ukawa, ule umoja wa vyama vya upinzani, walikuwa wameachiana majimbo kwa hiyo sehemu nyingi za bara CUF hawakusimamisha mtu kabisa. Hilo lipo. Lakini sababu kubwa ni ukubwa wa majimbo, na hapa watu wa Dar inabidi tukae tuelezane vizuri.

Sensa ya 2022 inasema Dar es Salaam ina watu 5,383,728. Zanzibar yote, Unguja na Pemba, ina watu 1,889,773. Majimbo ya Bunge la Muungano hapa Dar yalikuwa 10, na mwaka 2025 yakaongezwa Chamazi na Kivule yakawa 12. Zanzibar ina majimbo 50. Gawanya mwenyewe, jimbo moja la Dar lina wastani wa watu kama laki nne na nusu, jimbo moja la Zanzibar lina watu kama elfu 38. Manake mtu mmoja wa kule kwenye ubunge ana uzito wa karibu watu 12 wa huku. Unapanda daladala Mbagala asubuhi umebanwa mpaka huwezi kutoa simu mfukoni, hao wote mliobanana humo ndani mna mbunge mmoja, na kule idadi ya watu wanaojaza mtaa wenu na mitaa miwili ya jirani wana wa kwao.

Kabla hamjaanza kurusha mawe, sababu ipo na sio ya kijinga. Muungano ni wa nchi mbili, moja kubwa sana na moja ndogo sana, ukigawa majimbo kwa idadi ya watu tu Zanzibar inabaki na wabunge wanaoenea kwenye Coaster moja na sauti yake inapotea. Marekani wamefanya hivyohivyo kwenye Seneti, jimbo la Wyoming lenye watu hata milioni moja hawafiki lina maseneta wawili na California yenye watu karibu milioni 40 ina wawili. Lakini Marekani wana nyumba mbili za Bunge, ile nyingine inafuata idadi ya watu. Sisi tumeweka yote kwenye Bunge moja, wakati Katiba yetu tayari ina kinga nyingine kwamba mambo kadhaa ya Muungano hayabadilishwi mpaka theluthi mbili ya wabunge wa kila upande wakubali. Kwa hiyo mdogo kalindwa mara mbili na mtu wa Kivule hajalindwa hata mara moja. Mi sisemi Zanzibar wapunguziwe, nasema tu Dar kuongezewa majimbo mawili na kushangilia ni kama hatujui hesabu.

Turudi kwenye viti maalum, manake hapa ndo pana utamu. Watu wengi wanaamini viti maalum ni zawadi, kwamba chama kinakaa kinajigawia. Sio kweli. Katiba inasema wanawake wa viti maalum wasipungue asilimia 30 ya wabunge wote, na viti hivyo vinagawiwa kwa vyama vilivyopata angalau asilimia 5 ya kura zote halali za ubunge, kila chama kwa uwiano wa kura zake. Kwa hiyo unapompigia mgombea ubunge wa Segerea na akashindwa vibaya, kura yako kwenye jimbo imekufa ila kwenye viti maalum bado inatembea, inaenda kujumlishwa na za Geita na za Newala kumpatia chama chako kiti. Uwiano wa kura, ule mfumo wa Afrika Kusini ambao watu wanausifia kama kitu cha mbali, tunao hapahapa kwenye karatasi ileile, tangu siku nyingi, na hakuna anayekuambia.

Ushahidi mkali zaidi ni 2020. Matokeo yaliyotangazwa yaliwapa Chadema jimbo moja tu, Nkasi Kaskazini. Moja. Lakini kura zao hizohizo walizohesabiwa zikawapa viti maalum 19. Mfumo wa jimbo unasema hiki chama hakipo, mfumo wa uwiano unasema kipo na kina watu. Yaliyofuata mnayajua, wale 19 wakaenda kuapishwa Novemba, chama kikasema hakijawatuma kikawafukuza uanachama, wao wakabaki bungeni, kesi juu ya kesi, mtaani wakabatizwa Covid-19. Kila mtu akajadili usaliti na hakuna aliyejadili kwamba zile kura ni za wananchi, na mwananchi hakuwa na njia yoyote ya kusema nilimtaka huyu na yule simtaki.

Hapo ndo ubovu ulipo. Nchi zenye uwiano wa kura mpiga kura anaiona listi ya majina kabla, hata kama hawezi kuibadilisha. Kwetu listi inatengenezwa ndani ya chama. CCM ni kura za UWT, jumuiya yao ya wanawake, mikoani, vyama vingine wana utaratibu wao, na wote tunakumbuka msemo wa 2020 kuhusu kura za ndani za chama kwamba wajumbe sio watu wazuri. Mpiga kura haulizwi chochote. Alafu mama akishaingia bungeni hana jimbo, hana ule mfuko wa jimbo, na hata uwaziri mkuu hawezi kupata manake Katiba inataka waziri mkuu awe mbunge wa kuchaguliwa jimboni. Akigombana na wakubwa wa chama kura ijayo ya ndani wanamkata, kwa hiyo anajua kabisa bosi wake ni nani na sio wewe.

Na kuna tatizo la pili la kiufundi. Viti maalum vyetu vinaongezwa juu ya majimbo, havirekebishi kilichoharibika kule. Aliyevuna sana majimboni anavuna tena huku. Rudi 2015, jumlisha majimbo na viti maalum vya mwanzo unapata viti 366, CCM 252, Chadema 70, CUF 42. Sasa chukua kalkuleta ugawe viti hivyohivyo 366 kwa uwiano wa kura tu, CCM inashuka mpaka kama 201, Chadema inapanda mpaka kama 116, CUF inashuka mpaka kama 31. Najua watu wangepiga kura tofauti sheria ikiwa tofauti, na Ukawa wasingekuwa na haja ya kuachiana majimbo, kwa hiyo usiichukue kama matokeo halisi. Ila ona kitu kimoja, 252 kati ya 366 ni zaidi ya theluthi mbili, na theluthi mbili ndo inayotakiwa kubadili Katiba. 201 haifiki. Asilimia 55 ya kura imenunua nguvu ya asilimia 69, kihalali kabisa, hakuna aliyevunja sheria.

Wala sio sisi tu. Uingereza ambako mfumo huu tulirithi, Julai 2024 chama cha Labour kilipata asilimia 34 ya kura kikabeba viti 411 kati ya 650, na chama cha Reform kikapata asilimia 14 kikaambulia viti 5. Wao wanaishi nayo, wananung'unika wiki mbili wanaendelea na maisha. Kwetu Afrika mambo huwa hayaishii kwenye kunung'unika. Lesotho 1998 chama cha LCD kilipata kama asilimia 60 ya kura kikachukua majimbo 79 kati ya 80, yaani wale asilimia 40 wote wakabaki na kiti kimoja. Wapinzani wakajaa barabarani Maseru, jeshi likagawanyika, mji ukaungua, Afrika Kusini na Botswana wakaingiza wanajeshi. Wachunguzi walipopitia kura hawakukuta wizi wa kutosha kusema matokeo yamegeuzwa. Fomula ndo iliwatoa watu barabarani. Na Walesotho walikuwa na akili, 2002 wakabadilisha, majimbo 80 yakabaki na juu yake wakaweka viti 40 vya kufidia, ukikosa majimbo ila una kura unafidiwa pale.

Uwiano nao una kero zake, nisiwauzie dawa isiyo na madhara. Afrika Kusini mbunge hana jimbo, bomba likipasuka mtaani hujui umpigie nani, na mbunge anaogopa makao makuu ya chama kuliko wananchi. Tena ukiweka kizingiti, kuna kura zinapotea palepale, Ujerumani Februari 2025 chama cha BSW kilipata asilimia 4.98 na kizingiti ni 5, wakatoka nje. Hata sisi 2015 ACT na NCCR walipata jimbo mojamoja, Zitto Kigoma Mjini na Mbatia Vunjo, ila viti maalum sifuri kwa sababu hawakufika asilimia 5. Lakini 2024 ANC waliposhuka mpaka asilimia 40 walipata viti 159 kati ya 400, asilimia 40 kwa asilimia 40, wakalazimika kwenda kuongea na wenzao. Kwa mfumo wetu wa majimbo, chama cha asilimia 40 ambacho wapinzani wake wamegawanyika kinaweza kushika Bunge peke yake na kutembea kifua mbele.

Kwenye urais nipite haraka. 1995 sheria ilikuwa mshindi azidi nusu ya kura, Mkapa akapata karibu 62 bila shida. Mwaka 2000 Katiba ikabadilishwa, sasa anatosha anayeongoza tu. Tangu hapo hakuna rais aliyetangazwa chini ya nusu kwa hiyo watu wanaona haina maana, ila waulize Wakenya, 1992 Moi alipita na asilimia 36 wakati Matiba, Kibaki na Jaramogi kwa pamoja wana zaidi ya 60. Zambia 2001 Mwanawasa aliingia Ikulu na 29. Malawi 2019 Mutharika alitangazwa na karibu 39, mahakama ikafuta ikasema lazima nusu na zaidi, wapinzani wakaungana, Juni 2020 Chakwera akashinda na karibu 59. Mpaka leo kwetu matokeo ya urais yakishatangazwa hakuna mahakama ya kuyahoji, ibara ya 41 ya Katiba imefunga mlango, na Mahakama ya Afrika iliyopo hapohapo Arusha ilishasema Julai 2020 kwamba hiyo inavunja Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu. Ila nusu na zaidi nayo sio muarobaini, Kenya 2013 Uhuru alivuka kwa 50.07, 2022 Ruto kwa 50.49, nchi nzima inashika roho kwa ajili ya desimali. Zanzibar 1995 ilikuwa 50.2 kwa 49.8, na sumu ya ile tofauti ndogo ilikaa miaka 15 mpaka wakaamua 2010 kwa kura ya maoni kwamba wa pili naye aingie serikalini kama makamu wa kwanza. Hiyo kwa maoni yangu ndo akili kubwa kuliko zote ambayo nchi hii imewahi kutumia kwenye uchaguzi, pamoja na kwamba 2015 matokeo yakafutwa na uchaguzi ukarudiwa Machi 2016 CUF wakasusa.

Najua kuna mtu hapa anasema we jamaa unatupigia hesabu za viti wakati Oktoba 29 2025 tumeiona. Chadema hawapo kwenye karatasi, mwenyekiti wao yuko rumande kwa kesi ya uhaini, Mpina, mgombea urais wa ACT, kaondolewa, tume inatangaza karibu asilimia 98, intaneti imezimwa, Dar amri ya kutotoka nje, na watu wamekufa. Uko sahihi ndugu yangu, hakuna fomula duniani inayotibu uchaguzi ambao mpinzani hayupo kwenye karatasi. Uwiano wa sifuri ni sifuri. Ila madai ya Katiba mpya yamerudi mezani, na kwenye mazungumzo ya aina hiyo wanasiasa huwa wanapenda sana kujadili muundo wa tume, wajumbe wangapi, nani anawateua, halafu fomula inabaki ilivyo kwa sababu inaonekana ni jambo la wataalamu. Rasimu ya Katiba mpya ya tume ya Jaji Warioba ilijaribu, ilileta rais wa zaidi ya nusu ya kura, mgombea binafsi, na kufuta viti maalum kwa kuweka mwanamke na mwanaume kwenye kila eneo la uchaguzi. Bunge Maalum likaibadilisha ikawa Katiba Inayopendekezwa, na kura ya maoni juu yake iliyopangwa Aprili 2015 haikufanyika mpaka leo.

Mi ningeanza na kitu kidogo ambacho hata hakihitaji kujenga kitu kipya. Viti maalum vipo, uwiano upo, kizingiti kipo. Kura ibaki moja hiyohiyo, listi ya majina ya kila chama ibandikwe kituoni wiki kadhaa kabla, na viti vigawiwe kwa kufidia aliyekosa majimbo badala ya kumuongezea aliyeshiba. Majimbo yabaki, mbunge wa kumpigia simu bomba likipasuka awepo.

Na hapo lazima sheria iandikwe kwa jicho la mwizi. Lesotho walipoweka karatasi mbili, 2007 LCD walishtukia kwamba wakishinda majimbo mengi hawatapata cha kufidiwa, wakaingia mkataba na chama kidogo cha NIP, wanachama wakaambiwa kwenye jimbo pigieni sisi, kwenye karatasi ya chama wapigieni hawa. NIP hawakushinda hata jimbo moja wakaingia bungeni na viti 21, wapinzani nao wakafanya mchezo uleule na chama chao, mpaka ikabidi warudi kwenye karatasi moja, kura moja inahesabika jimboni na kwenye chama kwa pamoja. Kwetu naomba tuanze na karatasi moja hiyohiyo, manake vyama vya kazi ya aina ile wala hatutahangaika kuvitafuta, vimesajiliwa tayari na kila baada ya miaka mitano tunaviona vikichukua fomu.